Mgongo Ulipokataa Kazi

Wapo wasichana wanaojua tangu utotoni watakuwa nani, na wapo wanaochelewa kujua. Cicely Saunders wa Uingereza alikuwa wa kundi la pili. Lakini alipojua, alijua kwa moyo wake wote: alitaka kuwa muuguzi. Akaacha chuo kikuu, akasomea uuguzi, akafaulu. Kisha mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 26 na masomo yake ndiyo kwanza yamekwisha, akaambiwa kwamba mgongo wake hauwezi kazi ya wodini.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nikisoma habari hiyo sihitaji maelezo mengi. Kazi yetu hufanywa kwa mikono na kwa moyo, lakini hufanywa pia kwa mgongo. Unamgeuza mgonjwa mzito ili asipate vidonda, unamwinua aketi, unamhamisha kutoka kwenye machela hadi kitandani, unainama kufunga kidonda cha mguu. Usiku mara nyingi hakuna wa kukushikia upande wa pili. Wauguzi wengi niliofanya nao kazi wanalalamikia kiuno. Wengine wamehamishiwa kliniki ya watoto au mapokezi kabla ya umri wa kustaafu, na wakipita karibu na wodi waliyoizoea huwa hawaingii.

Kila mama anayesoma ukurasa huu huenda naye ana mgongo wake uliokataa. Mmoja alichaguliwa kwenda sekondari, baba akafariki, ada ikakosekana. Mwingine alipata mimba akiwa kidato cha pili, katika miaka ile kabla ya 2021 ambapo hapa Tanzania msichana aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Mwingine alikuwa na duka la vitambaa, likateketea usiku mmoja. Mwingine alitamani watoto wengi, akajaliwa mmoja, kisha daktari akamwambia basi. Tukikutana kwenye kikundi cha akina mama tunamfariji mwenzetu kwa maneno tuliyoyazoea, kwamba Mungu akifunga mlango mmoja hufungua mwingine. Sina ugomvi na maneno hayo. Ila husemwa haraka mno, hata chai haijapoa, na mwenye machungu anabaki akiutazama mlango uliofungwa asione mwingine wowote.

Ndiyo sababu nazipenda habari za Cicely Saunders. Kwake mlango wa pili haukuonekana kesho yake, wala mwaka uliofuata.

BINTI MREFU MWENYE AIBU

Cicely alizaliwa tarehe 22 Juni 1918 huko Barnet, kaskazini ya London. Baba yake alikuwa wakala wa kuuza nyumba na mashamba, mtu mwenye mali. Nyumba yao ilikuwa kubwa lakini haikuwa na amani, maana wazazi hawakupatana, na mwaka 1945 walitengana. Katika shule ya bweni Cicely alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye aibu, asiye na marafiki wengi. Mgongo wake ulikuwa umepinda kidogo, na kila siku alitakiwa alale sakafuni kwa muda ili unyooke. Fikiria msichana wa shule amelala chali huku wenzake wanacheza nje!

Mwaka 1938 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kusomea siasa, falsafa na uchumi. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Pili ikaanza. Cicely hakuweza kuendelea kuketi na vitabu wakati vijana wa rika lake wanakwenda vitani. Mwaka 1940 aliacha chuo akaingia shule ya uuguzi ya Hospitali ya St Thomas's, London, ile iliyoanzishwa na Florence Nightingale mwaka 1860. Wazazi wake hawakuwa wamependa binti yao awe muuguzi. Hospitali ilipigwa na mabomu, na wanafunzi wakahamishiwa nje ya jiji. Dawa za wakati huo zilikuwa chache kuliko za leo, hivyo sehemu kubwa ya tiba ilikuwa uuguzi wenyewe: kuosha, kulisha, kugeuza, kukaa karibu na mgonjwa. Yule binti ambaye shuleni hakuwa na mahali pake, wodini alipapata.

Miaka minne baadaye mgongo ukakatisha yote.

KAZI ILIYOKUWA JIRANI

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu vitabu vya ushuhuda mara nyingi huruka sehemu hii. Husema tu kwamba fulani alianguka, kisha Bwana akamwinua. Lakini kati ya kuanguka na kuinuliwa mtu anafanya nini siku ya Jumatatu asubuhi?

Cicely alirudi Oxford akamalizia shahada yake kwa njia fupi iliyowekwa wakati wa vita, akaipata mwaka 1945. Hakuwa na ndoto mpya. Akatafuta kazi ambayo ingemweka karibu na wagonjwa bila kuwainua, akasomea kazi ya ustawi wa jamii hospitalini. Kwa watu wa wakati ule kazi hiyo ilikuwa ya kumhoji mgonjwa kuhusu nyumba yake: ana uwezo gani wa kulipa, nani atamtunza akitoka, watoto wako kwa nani, mwajiri atamshikia nafasi yake? Ni kazi ya kuketi na kusikiliza. Alimaliza mafunzo hayo mwaka 1947, akaanza kazi palepale St Thomas's, akipita katika wodi alizotamani kuzihudumia kwa mikono yake.

Sidhani ilikuwa rahisi. Mtu aliyezuiwa kupika asikie harufu ya chakula kila siku! Wengi wetu ndoto ikivunjika hatutaki hata kusikia habari zake. Aliyetamani ualimu hapiti karibu na shule. Aliyenyimwa mtoto anaacha kwenda kuwaona wazazi wapya. Cicely alichagua kukaa jirani na kile alichopoteza, na naona hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya katika miaka ile.

Jambo jingine lilitokea katika miaka hiyo. Cicely hakuwa amelelewa katika imani ya kina. Mwaka 1945, mwaka ambao wazazi wake walitengana, alikwenda mapumzikoni Cornwall, kusini magharibi ya Uingereza, pamoja na marafiki Wakristo, na huko akampa Kristo maisha yake. Baadaye alieleza kwamba alijisikia kama mtu aliyekuwa akitembea upepo ukimpiga usoni, mara upepo ukageuka ukawa unamsukuma kutoka nyuma. Mgongo haukupona. Wala hakupewa maono ya kazi gani afanye.

Hali hiyo inanikumbusha safari ya mtume Paulo katika Matendo ya Mitume sura ya 16. Tunapenda kusoma habari za Lidia, yule mfanyabiashara wa nguo za zambarau aliyefunguliwa moyo huko Filipi, na akina mama wengi tumezihubiri. Lakini rudi nyuma mistari michache. Paulo na wenzake walizuiwa wasihubiri Asia. Wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiwa tena. Chukua ramani zilizo mwishoni mwa Biblia yako, upime kwa kidole umbali huo hadi Troa. Ni mwendo mrefu sana kwa miguu, na katika mwendo huo wote hakuna mahali panaposema kwamba walielezwa wanakwenda wapi. Maono ya mtu wa Makedonia yalikuja walipokwisha kufika pwani.

PAUNI 500 NA DIRISHA

Mwaka 1947, katika mojawapo ya wodi zake, Cicely alikutana na mgonjwa aliyeitwa David Tasma. Alikuwa Myahudi kutoka Poland, mwenye umri wa miaka 40, aliyefanya kazi ya kuhudumu mezani katika mkahawa. Alikuwa na saratani isiyoweza kupasuliwa, na London hakuwa na ndugu. Kwa kuwa Cicely alikuwa afisa wa ustawi na si muuguzi, ilimpasa kujua mgonjwa huyu atakwenda wapi akitoka wodini. Kwa hiyo aliendelea kumfuatilia. Tasma alipolazwa katika hospitali nyingine mwanzoni mwa mwaka 1948, Cicely alimtembelea mara kama 25 katika miezi yake miwili ya mwisho.

Waliongea habari nyingi. Wodi ilikuwa na kelele, wauguzi walikuwa na haraka, na wote wawili walianza kuwaza mahali ambapo mtu anayekaribia kufa angeweza kupata nafuu ya maumivu na pia mtu wa kuongea naye. Tasma alimwambia kwamba anachohitaji kutoka kwake ni kile kilicho katika akili yake na katika moyo wake. Alimwachia pauni 500, fedha nyingi kwa mhudumu wa mkahawa, akasema kwamba angependa awe dirisha katika nyumba atakayoijenga. Alifariki Februari 1948.

Dada msomaji, hebu angalia jambo hili. Kama mgongo wa Cicely ungekuwa mzima, mwaka huo angekuwa muuguzi mwenye wagonjwa 30 wa kuwahudumia, na saa yake ya kazi ikiisha angekwenda kulala. Asingekuwa na sababu ya kumfuata mgonjwa mmoja hadi hospitali nyingine. Sisemi kwamba Mungu alimvunja mgongo ili akutane na Tasma. Maneno kama hayo huwaumiza watu, na nimewahi kuyasikia yakisemwa mbele ya mama aliyefiwa na mtoto. Ninachosema ni kwamba ile kazi ya pili, aliyoichukua kwa kuwa ya kwanza imeshindikana, ndiyo iliyomkalisha kwenye kiti kile.

TUSIFICHANE KUHUSU FEDHA

Baada ya kifo cha Tasma, Cicely hakukimbilia kujenga. Alikwenda katika nyumba moja ya kutunzia maskini wanaokaribia kufa, St Luke's huko Bayswater, akaomba kusaidia jioni kama muuguzi wa kujitolea. Saa chache tu, baada ya kazi yake ya mchana. Huko akaona kitu ambacho hakukiona katika hospitali kubwa. Wauguzi wa St Luke's hawakungoja mgonjwa alie ndipo wampe dawa. Walimpa mofini ya kunywa kwa saa maalumu, mchana na usiku, kabla maumivu hayajarudi. Na wagonjwa wale walikuwa wametulia, wanaongea, wanakula.

Mwishowe alimweleza daktari mpasuaji aliyefanya naye kazi, Norman Barrett, kwamba anataka kurudi kuwahudumia wanaokufa, hata kama ni usiku tu. Barrett akamjibu kwamba watu hawatamsikiliza, kwamba madaktari ndio wanaowakimbia wagonjwa wa namna hiyo, na kwamba afadhali akasomee udaktari. Cicely alikuwa na umri wa miaka 33 alipoingia shule ya udaktari ya St Thomas's mwaka 1951, mahali palepale alipotoka akiwa muuguzi. Alifuzu mwaka 1957 akiwa na miaka 38.

Sasa tusifichane. Baba yake alikuwa na uwezo, naye alimsaidia. Cicely hakuwa na mume wala watoto, hakuwa na mama mkwe wa kuhudumia wala shamba la kupalilia. Si kila mama anaweza kuacha kazi akiwa na miaka 33 akakae darasani miaka sita. Nimewasikia wahubiri wakiwaambia akina mama kwamba ukiwa na imani hakuna lisilowezekana, kisha wakapanda gari wakaondoka, na yule mama akabaki na mkopo wa kikundi na watoto wanne.

Lakini tazama kilichotangulia kabla ya fedha za baba kuhitajika. Miaka kadhaa ya kazi ya mshahara iliyokuwa jirani na ile ya kwanza. Jioni chache za kujitolea bila malipo. Masikio ya kumsikiliza mgonjwa mmoja. Hayo hayakuhitaji baba tajiri. Nawafahamu akina mama waliokatishwa masomo darasa la saba ambao leo ndio walimu hodari wa shule ya Jumapili, na wachache wao kutoka hapo wamekwenda kusomea malezi ya watoto wadogo na wameajiriwa. Wengine hawakwenda kokote zaidi, wamebaki walimu wa Jumapili, na watoto wetu wanamjua Yesu kwa sababu yao. Siwezi kusema kwamba hao wa pili hawakufika.

MAUMIVU YA MTU MZIMA

Mwaka 1958 Daktari Cicely alianza kazi katika nyumba ya wagonjwa ya St Joseph's, mashariki ya London, iliyoendeshwa na masista Wakatoliki. Aliwafundisha kutoa dawa kwa saa, kama alivyoona St Luke's, akaandika kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000. Kwa njia hiyo alionyesha jambo ambalo madaktari wengi hawakuliamini: mgonjwa wa saratani akipewa mofini kwa kipimo sahihi na kwa wakati, hageuki mlevi wa dawa, na hahitaji kuongezewa bila kikomo.

Mgonjwa mmoja, mwanamke mwenye familia, alipoulizwa anaumwa wapi alijibu kwamba ilianza mgongoni, lakini sasa ni kama mwili wake wote na maisha yake yote yameharibika. Akaeleza kwamba mume na mwanawe walikuwa wema, lakini wangelazimika kuacha kazi ili wamuuguze na hivyo kukosa mshahara, na hakuna aliyeelekea kuelewa. Cicely alilishika jibu hilo. Kutokana na majibu kama hayo alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mtu mzima: yapo ya mwili, yapo ya moyo, yapo ya nyumbani na fedha, na yapo ya roho, na ukitibu moja tu hujamaliza.

Ukilitazama fundisho hilo utaona lilitoka wapi. Maumivu ya mwili na jinsi ya kumlaza mgonjwa aliyajua tangu akiwa muuguzi. Mambo ya nyumbani na mshahara aliyajifunza katika ile kazi ya ustawi. Vipimo vya dawa aliupata ujuzi wake katika udaktari, na ya roho katika imani. Kama angekuwa daktari tangu mwanzo, sina hakika kama angeuliza swali lile na kungoja jibu refu.

Haikuwa njia laini. Mwaka 1960 alimpenda mgonjwa mmoja, Antoni Michniewicz, naye pia kutoka Poland, akafa baada ya majuma machache tu ya upendo wao. Mwaka uliofuata baba yake akafariki. Cicely alibaki na huzuni ya miaka mingi, naye hakuificha. Katikati ya huzuni hiyo aliendelea kuandika barua za kuomba fedha, kutafuta kiwanja na kushawishi wakubwa. Mwaka 1967 nyumba ikafunguliwa Sydenham, kusini mashariki ya London, ikaitwa St Christopher's, kwa jina la mtakatifu wa wasafiri. Dirisha la David Tasma limo, karibu na mlango wa kuingilia. Cicely alikuwa akisema kwamba ilimchukua miaka 19 kulijengea dirisha hilo nyumba. Mwaka 1969 wauguzi wa St Christopher's walianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwao.

Mwaka 1980, akiwa na miaka 61, aliolewa na mchoraji Marian Bohusz-Szyszko. (Ndiyo, wa tatu kutoka Poland! Akina mama wenzangu katika kikundi hucheka sana nikifika hapa.) Marian alifariki mwaka 1995. Cicely mwenyewe alipatwa na saratani ya titi, akafariki tarehe 14 Julai 2005, akiwa na miaka 87, akiuguzwa katika nyumba ileile aliyoianzisha.

HADI KWETU

Kazi hiyo ilifika Afrika mwaka 1979, Harare. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Yeye alitilia mkazo mofini ya kunywa inayotengenezwa kwa unga na maji, kwa sababu bei yake ni nafuu na mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani kwake kijijini. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu kwa sheria wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa waandike dawa hiyo. Nadhani Cicely, muuguzi aliyelazimika kuwa daktari ili asikilizwe, alifurahi kusikia hivyo.

Hapa Tanzania huduma hii siku hizi huitwa tiba shufaa. Inapatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na makanisa nayo yamekuwa na mkono mkubwa. Hospitali ya Selian ya Kanisa la Kilutheri huko Arusha iliianza mapema, na hospitali nyingine za kanisa hilo zikafuata. Wanaowatembelea wagonjwa nyumbani mara nyingi ni akina mama wa kujitolea wa usharika, watu wasio na cheti chochote cha hospitali. Nimekuwa nikizunguka nao. Wengine wao waliwahi kutamani uuguzi wakakosa nafasi, na unawajua mara moja kwa jinsi wanavyonawa mikono na kuvuta kiti.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani mwenye saratani au maumivu makali yasiyokoma, uliza hospitali ya wilaya au hospitali ya kanisa iliyo karibu kama wana tiba shufaa. Usikubali kuambiwa kwamba maumivu ni sehemu ya ugonjwa na avumilie tu. Akipewa mofini ya maji, kipimo hupangwa na mtaalamu, na kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4. Wewe kazi yako ni kuangalia saa, usingoje alie. Dawa hiyo hufunga choo, kwa hiyo omba na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Wapo watakaokunong'oneza kwamba ni dawa ya kummaliza mtu. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimmalizi, bali humwezesha kulala, na akiamka huongea na watoto wake.

Na ukienda kumtazama mgonjwa wa jirani, mwombe binti wa nyumba hiyo shuka moja kuukuu lakini imara. Likunjwe mara mbili, lipitishwe chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani. Watu wawili washike kingo, kila mmoja upande wake, wakunje magoti na si kiuno, kisha wamgeuze kwa pamoja baada ya kuhesabu hadi tatu. Kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Mtu mmoja asijaribu peke yake.